Haraka au Mbali: Kuchagua Kati ya Njia Fupi za Mawasiliano Yasiyo na Waya

Mhadhara kwa wanakijiji na wanafunzi wa Litembo, Mbinga

 

Nimeombwa nilinganishe njia fupi za mawasiliano yasiyo na waya. Nazungumzia zile zinazoanzia kwenye simu yako na kuishia chumbani, uani, au ukingo wa pili wa bonde, bila kupita kwenye mnara wa kampuni ya simu. Bluetooth ni mojawapo, Wi-Fi ni nyingine, na zipo kadhaa ambazo wengi wenu mnazitumia bila kuzijua kwa jina. Kijana mmoja kati ya walionialika aliniuliza, "Mwalimu, kwa kifupi, ipi ndiyo kali?" Nimekuja na jibu lake. Hakuna iliyo kali mpaka utaje kwanza mzigo unaoutuma, umbali unaoutuma, na betri uliyo nayo. Muuzaji wa vifaa huandika kasi na umbali pamoja upande mmoja wa boksi, na mnunuzi anaamini kwamba atavipata vyote kwa mpigo. Kasi ile ni ya mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye kifaa. Umbali ule ni wa mtu aliyekubali kupoteza karibu kasi yote.

Sababu yake ni ya maumbile. Nguvu inayotoka kwenye antena husambaa kadiri inavyokwenda. Mahali palipo wazi kabisa, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayomfikia mpokeaji inashuka hadi robo. Ukiongezeka mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Mpokeaji naye ana kelele zake, joto la vipuri vyake mwenyewe na redio za majirani. Ili aitambue moja na sifuri katikati ya kelele hizo, kila biti lazima imfikie ikiwa na nishati ya kutosha. Kama nguvu ya kurushia haiongezeki, kilichobaki ni kuirefusha biti, kuirusha kwa muda mrefu zaidi, na biti zikirefushwa zinapita chache kwa sekunde. Ninyi mlio kwenye milima hii mnalijua jambo hilo bila hesabu: aliye ng'ambo ya bonde humwiti kwa maneno ya haraka, unavuta kila silabi na kuirudia mpaka aitike, lakini aliye karibu nawe jikoni mnaongea upesi na kwa sauti ya chini. Claude Shannon wa maabara za Bell kule Marekani aliliweka katika hesabu mwaka 1948, na tangu hapo hakuna kampuni iliyoweza kuikwepa hesabu hiyo.

Waliotunga kanuni za Bluetooth waliikubali waziwazi. Toleo lao la tano, la mwaka 2016, lina mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde kwa walio karibu, mwendo wa megabiti 1 wa kawaida, na miendo miwili ya polepole ya kilobiti 500 na kilobiti 125 kwa walio mbali. Katika huo wa polepole kuliko yote, biti moja inatumwa kama alama nane zinazosaidiana, na umbali unaweza kufika takriban mara nne ya ule wa kawaida. Redio ni ileile, betri ni ileile. Kilichobadilika ni haraka ya kusema.

Kabla sijaendelea, tuwekane sawa kwenye vipimo, maana hapa watu wengi wanadhani wameibiwa. Kasi kwenye boksi huandikwa kwa biti, wakati ukubwa wa wimbo au picha kwenye simu huandikwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kifaa cha megabiti 80 kwa sekunde kinapitisha megabaiti 10 kwa sekunde, si 80. Basi leo mzigo wetu wa majaribio utakuwa wimbo wa kawaida wa megabaiti 4, yaani biti milioni 32, na tutaupitisha kila njia.

Nianze na njia ya zamani. Wenye umri wangu mnakumbuka infraredi, lile jicho jeusi ubavuni au kichwani mwa simu. Nokia 6230 ya mwaka 2004 ilikuwa na infraredi na Bluetooth pamoja, na wengi tulianzia kwenye lile jicho. Unalaza simu mbili mezani zikitazamana, huzigusi, unasubiri. Kasi yake ya kawaida ilikuwa kilobiti 115 kwa sekunde, umbali wake mita moja, na simu zisipotazamana vizuri mawasiliano yanakatika. Wimbo wetu ungechukua karibu dakika tano, iwapo hakuna aliyetikisa meza. Infraredi ni mwanga, ingawa jicho letu haliuoni, na mwanga haupenyi kiganja. Kwa nyimbo imekufa, lakini kwenye rimoti ya televisheni iko hai mpaka leo, na kwa kazi ile inafaa sana: amri ni ndogo, betri mbili zinadumu miezi na miezi, na rimoti yako haiwezi kubadili chaneli ya jirani kwa sababu ukuta unauzuia mwanga.

Bluetooth ilibuniwa kuanzia mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson kule Lund, Sweden, na mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alikuwa mmoja wa waliofanya kazi kubwa. Lengo lilikuwa dogo, na ni vizuri mlikumbuke, kwa sababu ndilo linaloeleza tabia zake zote: kuondoa waya kati ya simu na vifaa vinavyoizunguka. Kwa hiyo walichagua redio ya bei nafuu, yenye nguvu ndogo. Kanuni za kwanza zilitoka mwaka 1999 zikiwa na megabiti 1 kwa sekunde, na mwaka 2004 zikapandishwa hadi megabiti 3 ambazo kwa vitendo ni 2 na kidogo. Redio ya simu nyingi za wakati ule ilikuwa ya daraja la pili, miliwati 2.5, ikikusudiwa kufika mita 10. Lipo daraja la kwanza la miliwati 100 linalokusudiwa kufika mita 100, na mkitazama tarakimu hizo mtaona bei ya umbali: mara kumi kwa umbali, mara arobaini kwa nguvu.

Kwa mwendo wa megabiti 2, wimbo wetu unavuka kwa sekunde 16. Hapo ndipo neno "nirushie" lilipoingia mitaani. Kijana wa stendi ya Mbinga hakuhitaji vocha wala bando. Aliwasha Bluetooth, akamrushia mwenzake, mwenzake akashuka nao hadi Mbamba Bay na kuurusha kwa wengine. Wahandisi wengi waliiona kazi hiyo kuwa ndogo, kwa kuwa wao waliitengeneza Bluetooth kwa ajili ya vipokea sauti vya masikioni na vipanya vya kompyuta. Mimi naihesabu kuwa moja ya huduma kubwa ambazo teknolojia hii imewapa watu wa kipato kidogo Afrika Mashariki. Muziki, mahubiri, kaswida, picha za harusi na video za vichekesho vilisafiri nchi nzima mita kumi kumi, bila mtu kulipia megabaiti hata moja.

Filamu ndiyo iliyoishinda Bluetooth. Filamu ya megabaiti 700 kwa Bluetooth ni dakika 47 hivi, na anayekupa akiondoka katikati unaanza upya. Hapo zikaingia programu kama Xender na SHAREit, na watu wengi mpaka leo wanadhani zinakula bando. Hazihitaji bando katika kurusha. Simu moja inageuka kuwa kituo kidogo cha Wi-Fi, nyingine inajiunga nayo, faili linapita kati yao bila kugusa intaneti. Bando likiisha wakati unatumia programu hizo, limeliwa na matangazo yaliyomo ndani yake. Zima data kwanza, ndipo urushe. Kwa simu janja za kawaida zilizokaa meza moja, megabiti 100 kwa sekunde zinapatikana, na filamu ile ya dakika 47 inapita chini ya dakika moja. Wimbo wetu ni theluthi ya sekunde. Betri, hata hivyo, mtaiona ikishuka.

Na sasa Wi-Fi yenyewe, ambayo ndiyo inayowatoa watu fedha. Ilianza mwaka 1997 na megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikaja ya megabiti 11, mwaka 2003 ya 54, mwaka 2009 ile inayoweza kufika 600 kwenye karatasi, na baada ya hapo tarakimu zikapanda hadi maelfu. Ukienda dukani utakuta ruta imeandikwa AC1200. Mwenye duka atakwambia ni megabiti 1200. Ukweli wake ni huu: ruta hiyo ina redio mbili, moja ya gigahezi 2.4 yenye megabiti 300, nyingine ya gigahezi 5 yenye megabiti 867. Wakazijumlisha, wakakadiria juu, wakachapa. Simu yako kwa kawaida inatumia redio moja kati ya hizo kwa wakati mmoja, na katika kasi ya redio hiyo sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu, inaliwa na salamu za redio zenyewe: kuulizana, kuthibitisha, kupisha wengine. Halafu kama intaneti inayoingia kwenye ruta ni ya megabiti 5, basi utapata 5 hata ukinunua ruta ya bei gani. Mwenye hoteli ndogo aliyenunua ruta ya gharama kubwa ili "mtandao uende kasi" amelipia barabara pana ndani ya ua wakati lango ni lilelile.

Jambo la pili kuhusu Wi-Fi ni hizo gigahezi. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na kidogo, la gigahezi 5 ni kama sentimita 6. La pili hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa sababu huko kuna nafasi pana na watu wachache, lakini huchoka mapema zaidi likikutana na ukuta. Nyumba zetu za matofali ya kuchoma hulipunguza, hasa kuta zikinywa maji ya masika. Bati halilipitishi kabisa, linalirudisha lilikotoka, na kontena la chuma ni hivyohivyo. Mwili wa mtu nao, kwa kuwa umejaa maji, unakunywa mawimbi hayo. Weka simu mfuko wa nyuma, vaa spika za masikioni za Bluetooth, uone sauti inavyokatikakatika ukigeuka. Majani mabichi ya kahawa na migomba yanafanya vivyo hivyo, na yakiwa na umande yanazidi.

Ukungu wa hapa Litembo unasingiziwa. Nimesikia mara nyingi watu wakisema asubuhi ya ukungu Wi-Fi haifiki. Matone ya ukungu ni madogo mno kulinganisha na wimbi la sentimita 12, na kwa umbali wa ua au hata wa kijiji hayachukui kiasi cha kuhesabika. Tafuteni mkosaji kwenye majani yaliyolowa na ukuta uliolowa. Tofauti hiyo ina faida, kwa sababu ukungu huwezi kuuhamisha, lakini antena unaweza kuipandisha juu ya majani.

Tuchukue mfano wa hospitali yoyote iliyojengwa kwa majengo yanayotengana, maabara upande mmoja, wodi upande mwingine, na kati yao mteremko. Mtu atashauri inunuliwe ruta moja "yenye nguvu" iwekwe ofisini. Ruta inaweza kupaza sauti, sawa, lakini simu na kompyuta ndogo ya muuguzi zina redio dhaifu, na mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta itasikika wodini na wodi haitasikika ofisini. Ndiyo maana simu inaonyesha alama zote za mtandao na bado haifungui kitu. Dawa ni kuvuta waya hadi kila jengo na kuweka ruta ndogo ndani, au, pasipovutika waya, kuweka jozi ya antena zinazotazamana juu ya mapaa.

Hizo antena zinazotazamana ndizo zinazonipa matumaini makubwa kwa nchi ya milima kama hii. Mwaka 2007 kule Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vilivyotengana kilomita 382 kwa vifaa vya Wi-Fi vya kawaida, wakapitisha takriban megabiti 3 kwa sekunde kila upande. Antena zao kubwa zilikusanya mawimbi na kuyaelekeza mahali pamoja badala ya kuyamwaga pande zote, na katikati hapakuwa na kilima wala mti. Watu wa tambarare hujenga minara mirefu kutafuta kile ambacho Mungu amewapa ninyi Wamatengo wa milima hii bure, mwinuko wa kutazamana.

Ila kuonana kwa macho hakutoshi. Wimbi linahitaji nafasi pembeni ya ule mstari wa macho. Kwa kiungo cha kilomita 5 katika gigahezi 2.4, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu kipenyo cha mita 12 hivi. Mkaratusi uliopandwa leo chini ya mstari huo utaingia ndani yake miaka michache ijayo, na mafundi wataitwa kurekebisha ruta ambayo haina kosa lolote. Atakayeweka kiungo kama hicho kati ya, tuseme, shule na ofisi ya kata, aandike kwenye daftari la kijiji miti gani isikue hapo katikati. Na nguvu isizidi iliyoruhusiwa: bendi hizi zimeachwa huru kwa vifaa vidogo, kila mtu anazitumia bila leseni, lakini viwango vyake vinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na anayezidisha anawaziba wenzake.

Nirudi karibu, karibu kabisa. Ipo njia inayofanya kazi kwa sentimita 4 tu, na ufupi huo umekusudiwa. Inaitwa NFC, inatumia megahezi 13.56, na kasi yake kubwa ya kawaida ni kilobiti 424 kwa sekunde. Wimbo wetu ungehitaji sekunde 75 za kugandisha simu mbili pamoja, na hakuna anayeitaka kwa kazi hiyo. Lakini pasipoti za kielektroniki ambazo Tanzania ilianza kuzitoa mwaka 2018 zina chipu inayosomwa kwa masafa hayohayo, na kadi unazozigusisha kwenye lango la kivuko cha Kigamboni ni za ukoo huo. Chipu ndani ya kadi haina betri. Inakula umeme unaoletwa na mashine inayoisoma, ndiyo maana lazima uisogeze. Usalama wake unaanzia hapo, kwani aliye mita tano nyuma yako hawezi kuilisha kadi yako.

Kenya ina kisa cha kufundisha juu ya hilo. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya kugusisha ya kulipia nauli kwenye matatu. Kitaalamu ilifanya kazi. Mwaka 2015 ikafungwa. Makondakta na madereva hula kutokana na fedha taslimu ya siku hiyo, na kadi iliyoipeleka nauli yote moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari haikuwapa sababu ya kuipenda. Ukilinganisha teknolojia kwa kasi na umbali peke yake, kisa hiki huwezi kukieleza. Atakayeleta kadi za kugusisha kwenye mizani ya chama cha msingi cha kahawa ajiulize mapema karani atafaidika nini, na mkulima ataona wapi kilo zake.

Mbili nizipite haraka. Ya kwanza ni UWB, inayotumia ukanda mpana sana wa masafa kwa nguvu ndogo mno. Marekani iliiruhusu mwaka 2002, nayo UWB ikaahidi megabiti 480 kwa sekunde kwa umbali wa mita 3, na Wi-Fi ikaipita kabla haijafika madukani kwa wingi. Imerudi kuanzia mwaka 2019 ndani ya simu za bei kubwa kwa kazi nyingine, kupima umbali kati ya vifaa kwa usahihi wa sentimita 10 hivi. Ya pili ni Zigbee, kilobiti 250 kwa sekunde, makumi ya mita, betri ya miaka. Kila kifaa kinampokea mwenzake na kumpeleka mbele, hivyo taa au vipimo vilivyotapakaa kwenye jengo kubwa vinafikiana. Hapa kwetu sijaona mahali pa kuihitaji kabla ya vingine.

Ninayoiona inahitajika ni ile ya mwisho, LoRa. Wengine watasema haimo kwenye mada kwa kuwa inafika kilomita nyingi. Nimeileta kusudi, kwa sababu ndiyo inayokwenda mwisho kabisa wa upande wa pili wa biashara hii ya kasi na umbali. Ilizaliwa Grenoble, Ufaransa, katika kampuni ndogo ya Cycleo iliyonunuliwa na Semtech mwaka 2012. Katika mwendo wake wa polepole zaidi inapitisha biti kama 250 kwa sekunde. Si megabiti, wala si kilobiti. Wimbo wetu ungechukua zaidi ya saa 35, na katika nchi nyingi kanuni za masafa yake hazikuruhusu hata kukaa hewani muda wote huo mfululizo. Mwaka 2017 ilitumika hapahapa Tanzania: vifaa vya LoRa viliwekwa ndani ya pembe za faru weusi katika hifadhi moja ili askari wa wanyamapori wajue walipo. Faru hahitaji kutuma wimbo. Anahitaji kutuma alipo, tarakimu chache, kwa betri ambayo hakuna atakayemfukuza kwenda kuichaji.

Sasa tazameni mashamba yenu ya mashimo ya ngoro kwenye miteremko hii. Kipimo cha unyevu wa udongo kilichochimbiwa kando ya shimo la ngoro kina habari ya baiti kumi kila baada ya saa moja. Kipimo cha mvua ni hivyo. Kipimo cha kina cha mto, unyevu wa ghala la kahawa ya maganda, joto la jokofu la chanjo kwenye zahanati ya mbali, vyote ni tarakimu chache zisizo na haraka. Ujumbe wa namna hiyo hata kwa mwendo wa polepole kuliko yote unamalizika kwa sekunde moja au mbili, na kifaa kinalala tena. Mpokeaji mmoja aliyewekwa juu ya kilele, penye umeme wa jua, anaweza kuvisikiliza vipimo vya mabonde kadhaa yanayoonekana kutoka hapo. Watafiti wa kahawa wa TaCRI wana kituo chao Ugano, humuhumu Mbinga, na takwimu za mvua na unyevu wa kila mteremko zingewapa cha kufanyia kazi zaidi kuliko kipimo kimoja cha mjini. Ningependa vijana wa sayansi mlioko hapa mlianze jambo hili kwa vifaa viwili vitatu tu, kabla mradi mkubwa haujaja na kuondoka.

Yule kijana aliyeuliza ipi kali atasema: mwalimu, hivyo vya LoRa havipo madukani Mbinga, tufanye nini kesho? Kesho tumieni mnachokijua, ile "nirushie", lakini mpunguze mzigo. Afisa ugani akitengeneza video ya dakika 10 kuhusu chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, faili la megabaiti 100, kwa Bluetooth ni karibu dakika 7 kila anapompa mtu mmoja, na simu ndogo ya kitochi haiwezi kuicheza. Akiyasema mambo hayohayo kwa sauti, dakika 3, akairekodi kwa namna ya kawaida ya simu ya kilobiti 12.2 kwa sekunde, faili zima ni kilobaiti 275. Kwa Bluetooth ni sekunde moja na kidogo ukiacha muda wa simu kutafutana. Simu nyingi za bei ndogo zenye vitufe na memori kadi zina Bluetooth, na sauti zinacheza. Mkutano wa chama cha msingi wenye watu mia, kila aliyepokea akiwarushia wawili, unajaa wote kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda.

Kule ufukweni, Liuli na Mbamba Bay, jambo hilohilo lina uzito mwingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi wa Ziwa Nyasa, na upepo wa mwera ukianza kuvuma, mtumbwi wa usipa ulioko mbali usiku hauna mnara wa kuutegemea. Utabiri huo ukisomwa kwa sauti alasiri, nusu dakika, ni faili la kilobaiti 46. Mtu mmoja mwenye bando aupokee, awarushie manahodha pale pale mitumbwi inaposukumwa majini, wakiwa wamesimama mita mbili mbili, umbali ambao hata redio dhaifu kuliko zote inautosheleza. Kazi hiyo inamhitaji mtu wa zamu kila ufukwe, mwenye simu moja yenye chaji, na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi ndicho ningekikabidhi zamu hiyo.